Kunakili Picha ya Sura ya Upande kwa Rangi ya Mafuta: Dalili za Makosa, Sababu Zake na Namna ya Kuyatatua

Anayejifunza kuchora sura za watu kwa rangi ya mafuta hushauriwa aanze kwa kunakili kazi za mabingwa wa kale. Picha ya sura ya upande, yaani ile inayoonyesha jicho moja na sikio moja, ndiyo inayomfaa zaidi, kwa sababu karibu ufanano wote umo katika mstari mmoja unaoshuka kutoka kwenye paji la uso hadi kooni. Mfano ninaoutumia hapa ni picha ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, iliyochorwa na Piero della Francesca nchini Italia katika miaka ya 1470, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Uffizi mjini Florence. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wenye urefu wa sentimita 47 na upana wa sentimita 33. Inamwonyesha mtawala huyo kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa jicho lake la kulia lilipotea katika mashindano ya mikuki. Kofia nyekundu, nywele nyeusi zilizojikunja, na mwanzi wa pua wenye pengo ambalo hakuna anayeliona akalisahau: yote hayo yanampa mwanafunzi alama za wazi za kupimia.

Malalamiko yaliyokusanywa humu ni yale ninayoyasikia mwaka baada ya mwaka kutoka kwa wanaojifunza hapa Mombasa. Wengi huja wakisema kwamba rangi walizonunua ni mbovu, ilhali mara nyingi rangi hazina hatia. Kosa huonekana kwenye rangi, lakini mzizi wake umo katika mchoro, au katika mwanga na kivuli, au katika hewa yetu ya pwani. Kwa hiyo chunguza kwa utaratibu huo kabla ya kutumia fedha kununua kitu kingine.

Dalili: Sura imetoka, lakini ni ya mtu mwingine

Sababu ya kwanza, inayozipita nyingine zote, ni kwamba mchoraji amechora majina ya viungo badala ya kuchora alichokiona. Akili inajua pua, mdomo na kidevu, kwa hiyo mkono huchora pua yoyote, mdomo wowote na kidevu chochote. Sababu ya pili ni sikio kuwekwa mbele mno, jambo linalolifanya fuvu kuwa dogo kwa nyuma na uso kuwa mpana kupita kiasi. Ya tatu ni jicho. Ukilitazama kwa upande, jicho huwa na umbo la kabari, na mboni yake huwa duara lililobanwa. Wanaoanza huchora jicho zima lenye umbo la jani, kana kwamba mtu huyo amegeuka kuwatazama, na hapo ufanano wote hupotea. Sababu ya nne ni nadra zaidi, nayo ni chapa ya mfano kuvutwa ilipokuwa ikichapishwa.

Hiyo ya nne, ingawa ni nadra, ichunguze kwanza kwa sababu haichukui hata dakika moja. Gawanya urefu wa picha kwa upana wake. Picha ya Piero inakupa takriban 1.42, na karatasi ya A4, ambayo ni sentimita 29.7 kwa 21, inakupa takriban 1.41. Maana yake ni kwamba picha nzima inapaswa kuijaza karatasi ya A4 bila kubakiza pembezoni nyeupe pana upande wowote. Ikiwa imebakiza, ama imekatwa ama imebanwa, nawe omba uchapishiwe upya.

Uwiano huo una faida nyingine, ambayo nimeona ikiwaokoa wengi. Ikunje karatasi ya A4 katikati mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, kisha uifunue. Mikunjo itakuwa imekupa visanduku 16 bila rula wala penseli. Kata ubao wako uwe wa sentimita 42 kwa 29.7, ambacho ni kipimo cha A3, nao uugawanye vivyo hivyo kwa mistari hafifu ya makaa. Kila kisanduku cha ubaoni kitakuwa na urefu wa sentimita 10.5 na upana wa takriban sentimita 7.4. Hapo utaona jambo la kupendeza: upana wa kisanduku cha ubaoni ni sawasawa na urefu wa kisanduku cha karatasini. Ikiwa havilingani unapovishikanisha, umepima vibaya, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko baada ya wiki tatu za kupaka rangi.

Baada ya visanduku, acha kuichora pua na uchore anga. Tazama kipande cha anga kilicho kati ya paji la uso na ncha ya pua ya Federico. Kina umbo lake mahususi: kinaingia ghafla ndani ya lile pengo la mwanzi wa pua, kinapinda, kisha kinatoka nje kwa mteremko mkali. Chora kipande hicho kama vile unavyochora ramani ya kisiwa, bila kufikiri kwamba ni uso. Fanya vivyo hivyo kwa anga iliyo chini ya pua, iliyo mbele ya midomo, na iliyo chini ya kidevu. Ukimaliza, pindua mfano na ubao vyote viwili, utosi uwe chini, na ulinganishe. Halafu vitazame katika kioo. Jicho lililozoea kosa huligundua mara linapoonyeshwa kinyume.

Ikiwa rangi imeshapakwa na bado ni mbichi, ikwangue kwa kisu cha rangi mpaka uone ubao, kisha uchore upya sehemu hiyo. Ikiwa imekauka, usirundike rangi ya ngozi juu ya nyingine kwa matumaini. Pua iliyozidi hupunguzwa kwa kupaka anga juu yake, na kidevu kilichopungua huongezwa kwa kuingia ndani ya anga. Ikiwa makosa ni matatu au zaidi, anza ubao mpya. Nasema hivi kwa kuwa nimeona watu wakitumia miezi miwili kurekebisha mchoro ambao wangeweza kuurudia kwa alasiri moja.

Dalili: Uso unaonekana kama umekatwa kwa mkasi na kubandikwa

Sababu ya kawaida ni kwamba uso ulikamilishwa kwanza, ukakauka, kisha anga ikapakwa kuuzunguka kwa woga, hata ukabaki mstari mweupe au mweusi pembeni. Sababu inayofuata ni kutokuwapo kwa mabadiliko ya mwanga ndani ya uso wenyewe. Ukingo wa Piero ni mkali kweli, lakini shavu, taya na shingo vinageuka polepole kutoka mwangani kuelekea kivulini, na mgeuko huo ndio unaouzuia ukingo usionekane kama karatasi.

Jaribu hivi kwanza: finya macho mpaka uone madoa makubwa tu, au piga picha ya kazi yako kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa shavu lote ni doa moja lisilobadilika, tatizo limo ndani ya uso, wala si ukingoni. Rudi kwenye shavu uongeze daraja mbili za kivuli. Ikiwa shavu liko sawa, paka anga na ukingo wa uso siku moja, vyote vikiwa vibichi, na uache rangi ya anga iguse rangi ya ngozi bila pengo. Kisha pitisha brashi kavu, laini, mara moja tu, kwenye sehemu ambazo mfano umezilainisha, kama vile nywele zinapokutana na shingo. Mstari wa pua uuache mkali.

Dalili: Ngozi ni kama imepakwa chokaa, au imekuwa tope

Ngozi ya chokaa husababishwa na rangi nyeupe ya titani, ambayo ina nguvu kubwa na hupooza kila inachochanganywa nacho. Kila anapotaka mwanga zaidi, mwanafunzi huongeza nyeupe, na ngozi huzidi kuwa baridi. Ongeza kwanza manjano ya udongo pamoja na nyekundu kidogo, na nyeupe iwe ya mwisho. Ngozi ya Federico ina weusi wa mtu aliyepigwa na jua, na vivuli vyake vinafaa kuelekea ukijani kidogo. Ukichanganya nyeusi ya mifupa na manjano ya udongo utapata ukijani mtulivu unaofaa sana hapo, wala huna haja ya kununua kijani. Kwa hakika rangi tano, yaani nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, kahawia ya amba na nyeusi, zinatosha kwa uso huu wote. Ningependa kila anayeanza aache nyingine dukani.

Ngozi ya tope husababishwa kwanza na tapentaini chafu, yaani kile kimiminika cha kuzimulia rangi na kusafishia brashi. Tazama kopo lako: ikiwa huoni chini yake, acha mashapo yatulie usiku kucha, kisha umimine ile safi iliyo juu. Sababu ya pili ni kuchanganya rangi zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Ya tatu ni kusugua. Weka rangi, inua brashi, iache hapo.

Kuna sababu moja ya ndani zaidi inayowahusu watu wa hapa, nayo ni mwanga wa chumba. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji akae karibu na dirisha la kaskazini, kwa sababu huko kwao jua halipiti upande huo wakati wa mchana. Mombasa ipo takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kwa miezi mingi ya kati ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini, kisha huhamia kusini mwaka unapokwisha. Kwa hiyo dirisha lililokuwa tulivu mwezi wa Januari huingiza miali mikali mwezi wa Juni, na ngozi uliyoichanganya kwenye miali hiyo huonekana ya kijivu ukiitazama sebuleni. Chagua dirisha lililofunikwa na kivuli cha baraza, au tundika shuka jeupe, na uhakikishe kwamba mfano, kibao cha rangi na kazi yako vinapata mwanga uleule. Usinakili kutoka kwenye kioo cha simu, kwa kuwa kila simu ina rangi zake.

Dalili: Rangi haikauki

Hili ndilo lalamiko kuu la msimu wa masika, na linahitaji kueleweka vizuri. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Nguo hupoteza maji, lakini mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Kwa hiyo yanahitaji hewa inayopita, mwanga na joto la wastani. Chumba chenye unyevu, kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, huyanyima yote hayo.

Sababu ya kwanza ni tabaka nene. Tabaka jembamba hukauka kiasi cha kuguswa kwa siku chache hadi wiki moja hivi, ilhali donge la rangi huweza kubaki bichi ndani kwa miezi mingi. Sababu ya pili ni giza na unyevu. Ya tatu ni aina ya rangi: kahawia ya amba hukauka upesi kwa kuwa ina manganizi, na nyeusi ya mifupa hukawia sana. Ndiyo maana nywele za Federico hubaki zikinata wakati shavu limeshakauka, na hapo hakuna kosa, kuna kusubiri tu. Sababu ya nne ni mafuta yasiyofaa, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwanafunzi mmoja aliniletea ubao ambao, wiki sita baada ya kupakwa, ulikuwa bado unashika vidole kama asali. Alikuwa ameuweka mahali pazuri, penye hewa, na matabaka yake yalikuwa membamba. Nilipouinamia nikanusa harufu ya jikoni. Mafuta ya kitani yalikuwa yamemwishia, akalainishia rangi mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi, ya zeituni na ya nyonyo hayakauki kamwe, na mengi ya kupikia hubaki yakinata au hukawia kupita kiasi, hata ungengoja miaka. Hapo hakuna dawa ya kupaka juu. Rangi yote hukwanguliwa, ubao hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini, na kazi huanza upya. Ilimuuma, na mimi pia iliniuma, kwa sababu lile pengo la pua alikuwa amelipata barabara.

Ikiwa mafuta yako ni sahihi, sogeza ubao kwenye chumba chenye mwanga, uegemeze ukitazama ukuta kwa mwinamo mdogo ili vumbi na wadudu visitue, na fungua madirisha mvua inapokatika. Usiuanike juani wala usiupulizie hewa ya moto, kwani uso wa juu utajifunga na kukunjamana huku ndani kukiwa kubichi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale mafundi seremala wanayopaka kwenye milango, hukauka haraka kwa sababu yametiwa viungo vya kukaushia, lakini hugeuka rangi kadiri muda unavyopita. Hayafai kwa uso wa mtu.

Dalili: Mabaka yaliyofifia

Nywele na nguo, zilizokuwa zikimeta zilipokuwa mbichi, zimekauka zikawa kama vumbi. Ama tapentaini ilikuwa nyingi, ama rangi ya msingi, yaani ile inayopakwa ubaoni kabla ya kuanza picha, imefyonza mafuta. Subiri ikauke kabisa, paka mafuta ya kitani machache mno kwenye baka hilo kwa kitambaa laini, kisha uyafute mara moja mpaka ubaki unyevunyevu tu.

Dalili: Rangi inapasuka au inabanduka

Nyufa husababishwa zaidi na tabaka la juu kukauka kabla ya lile la chini. Kanuni ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lililo chini yake: la kwanza liwe na tapentaini, la mwisho liwe na mafuta. Anayefuata kinyume chake atapata nyufa, hata akitumia rangi za bei ghali.

Kubanduka ni jambo jingine, na chanzo chake ni msingi. Rangi ya mafuta ya kung'aa inayopakwa kwenye mageti haishikwi vizuri na kitu kinachopakwa juu yake, na rangi za akriliki hazipakwi kamwe juu ya rangi ya mafuta, ingawa kinyume chake kinawezekana. Kwa wale wanaotandaza kitambaa cha merikani kwenye fremu, kumbuka kwamba mafuta ya kitani yakiingia moja kwa moja katika pamba huiozesha. Paka gundi kwanza, kisha matabaka mawili au matatu ya jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, ukipiga msasa mwepesi katikati.

Dalili: Ubao umepinda, au kuna ukungu

Plaiwudi iliyopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili na kupinda. Paka rangi ya msingi pande zote mbili na kingoni. Ukungu hupenda gundi ya unga wa ngano na kuta zenye unyevu, kwa hiyo acha gundi hiyo, na acha nafasi ya vidole viwili kati ya picha na ukuta. Ukungu mchache nyuma ya ubao mpya unaweza kufutwa nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Simama hapo ikiwa picha si zoezi lako bali ni ya zamani, iliyorithiwa katika familia. Usiifute, usiipake mafuta, usiipitishie hata pamba yenye maji. Ilaze chali mahali pakavu na umtafute mhifadhi wa kazi za sanaa. Ofisi za makumbusho ya Ngome ya Yesu ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Dalili: Kichwa kinauma, kifua kinabana, macho yanawasha

Acha kazi mara hiyo, funika kopo la tapentaini na utoke nje. Sababu ya kawaida ni mvuke wa tapentaini katika chumba kilichofungwa. Maumivu yakiisha baada ya kupata hewa, rudi siku nyingine madirisha yakiwa wazi, ukitumia tapentaini kidogo, na usafishe brashi kwa mafuta kisha kwa sabuni. Mwenye pumu, mjamzito, au mtu ambaye kifua kinaendelea kumbana amwone daktari na asijaribu tena kabla ya kuzungumza naye. Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 na uende hospitali. Usipige msasa rangi iliyokauka yenye kadmiamu au risasi, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vina hatari ambayo wengi hawaijui. Mafuta yale, yanapovuta oksijeni, hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa joto hilo hukosa pa kutokea mpaka vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje, au uvitie ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Visilale ndani ya nyumba katika mfuko wa plastiki hata usiku mmoja.

Dalili: Vanishi imeganda kama ukungu mweupe

Vanishi ilipakwa siku ya unyevu, au kabla rangi haijakomaa. Ukungu huo ukiwa mwepesi, uondoe kwa kusugua taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Ukiwa umeingia ndani ya vanishi, usijaribu kuiyeyusha kwa tapentaini, kwa kuwa utaondoka na shavu la Federico pamoja nayo. Mpelekee fundi anayejua kuondoa vanishi. Kazi yenye matabaka membamba hungojewa miezi 6, na ile yenye matabaka manene hungojewa mwaka mzima. Kwa hiyo picha ya matabaka membamba iliyokamilika mwishoni mwa masika ipakwe vanishi mwezi wa Januari au Februari, siku isiyo na mvua, baada ya ubao wenyewe kukaa ndani ya chumba kikavu tangu asubuhi.